Muulize Fundi: Gia Inayohama Yenyewe Mlimani

SWALI: Nimenunua baiskeli ya mbio ya mtumba. Leva za gia ziko kwenye bomba la mshazari la fremu na hazina vituo, zinateleza tu. Nikipanda mlima, mnyororo unahamia sproketi ndogo (gurudumu la meno la nyuma) wenyewe. Wakati mwingine unakwaruza mfululizo. Nimeshauriwa kubadilisha mfumo mzima. Ni lazima?

JIBU: Usitoe pesa kwanza. Leva hizo hushikwa na msuguano wa wosha peke yake, huku springi ya kihamisha mnyororo cha nyuma ikivuta waya muda wote. Msuguano ukilegea, springi inashinda na leva inasogea mbele. Ndiyo maana mnyororo hukimbilia sproketi ndogo, si kubwa. Ukisimama kwenye pedali, fremu nayo hujipinda kidogo na kuuvuta waya zaidi.

Katikati ya leva kuna skrubu, aghalabu yenye kipete cha kushika kwa vidole. Ikaze robo mzunguko, panda, jaribu, kisha uongeze kama bado. Leva ikiwa ngumu na bado inateleza, basi wosha zimelika au kuna mtu aliyezitia oili kwa nia njema. Zipige picha kabla ya kuzitoa, maana mpangilio ukikosewa hazishiki. Zifute kwa spiriti, zirudishe kavu.

Kukwaruza ni suala la mkono na sikio. Endelea kuzungusha pedali, lakini punguza nguvu. Vuta leva ya kulia mpaka mnyororo upande sproketi kubwa, ipitishe kidogo, halafu irudishe taratibu hadi kelele ikome. Kwenda ndogo, sukuma tu na usikilize. Mlimani badilisha mapema, kabla miguu haijalemewa.

SWALI: Frihwili yangu (seti ya sproketi za gurudumu la nyuma) ya sproketi 6 imekwisha. Naweza kuweka ya 7?

JIBU: Unaweza, na hapa ndipo leva zisizo na vituo zinapozishinda za kisasa: hazijali idadi wala nafasi kati ya sproketi. Ila ya 7 kwa kawaida ni pana zaidi, kwa hiyo hakikisha mnyororo ukiwa kwenye sproketi ndogo haugusi fremu. Kisha rekebisha upya skrubu za H na L kwenye kihamisha, zinazoweka kikomo upande wa sproketi ndogo (H) na kubwa (L). Leva haitakuzuia; L ikiachwa wazi, mnyororo utapita sproketi kubwa na kuzama kwenye spoku.