Venv haibebwi kwa flashi

Wadogo zangu wa fildi, kila kundi jipya linaporipoti hapa ofisini Mbeya nakuta flashi ileile: mradi mzima, na folda ya .venv ndani yake, yaani mazingira ya Python ya mradi huo peke yake, yenye pakeji zake. Someni haya kabla hamjapanda Coaster kwenda kwa mteja.

1. Kila mradi na venv yake. `python -m venv .venv`, washa, fanya kazi. Moduli hii imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Kwenye Ubuntu ongeza python3-venv kwa apt. Ubuntu mpya ikikataa pip (kisakinishi cha pakeji za Python) nje ya venv, msiilazimishe. Python ile inategemewa na mfumo wenyewe.

2. Venv haihami. Hapa nisikilizeni vizuri. Msimu wa kahawa, kijana wetu mmoja, hodari kweli, alikwenda Mbozi kufunga programu ya mapokezi kwenye chama cha ushirika. Kwenye laptopu yake ilikuwa inakwenda vizuri. Akanakili folda, akawasha, kompyuta ya karani ikajibu kwamba haioni Python kwenye C:\Users\ na jina la kijana mwenyewe. Nje wakulima wako foleni na magunia. Karani ameshavuta daftari na kalamu. Kijana akanipigia. Nikamwambia afungue pyvenv.cfg kwa Notepad anisomee mstari wa `home`. Akasoma, akanyamaza.

Njia kamili ya Python ya mashine yako imeandikwa pale, na njia ya venv imo kwenye activate na pip.exe. Hata ukibadilisha tu jina la folda, pip.exe inagoma. Sasa ajenge upya: requirements.txt (orodha ya pakeji na matoleo yake) hana, matoleo anakisia, bando linakatika pandas, pakeji ya data, ikiwa katikati ya kupakuliwa. Alilala Vwawa. Aliumia, nami niliumia kwa ajili yake, maana kazi yenyewe ya kuandika programu aliifanya vizuri sana.

3. Kwa hiyo bebeni vifaa vya kujengea. Venv ikiwa imewashwa, `pip freeze > requirements.txt`, kisha `pip download -r requirements.txt -d pakeji`. Ukifika, tengeneza venv mpya na `pip install --no-index --find-links pakeji -r requirements.txt`, intaneti haihitajiki. Angalieni majina ya faili: iliyoandikwa cp312 (Python 3.12) na win_amd64 (Windows ya biti 64) haiingii kwenye Python 3.10 wala kwenye Linux. Bebeni na kisakinishi cha Python cha toleo lilelile.

4. .venv iwekeni kwenye .gitignore, Git isiibebe pamoja na msimbo.

5. PyInstaller, inayogeuza programu kuwa exe isiyohitaji kusakinisha Python, ni nzuri kwa karani asiyetaka kuona terminali, ila exe ya Windows hujengwa kwenye Windows.

Anayesafiri wiki hii aje na flashi yake asubuhi, tuijaribu kwenye ile Dell ya zamani, Wi-Fi ikiwa imezimwa.