Jirani wa Chupa: Namna Ninavyofungasha Bia za Kubadilishana

Ukiletewa bia katika grosari yoyote ya Tanzania, kabla hujamimina, igeuze chupa mkononi chini ya taa. Mara nyingi utaona mikanda miwili ya weupe iliyoizunguka, mmoja begani, karibu na mahali shingo inapoanza, na mwingine chini, vidole viwili juu ya kitako. Hiyo ni mikwaruzo ya chupa iliyorudi kiwandani mara nyingi, ikaoshwa, ikajazwa upya na kusuguana na wenzake kila hatua. Baada ya kumaliza kidato cha sita nilikaa miezi mingi nikisaidia katika grosari ya mjomba wangu Moshi, nikapanga kreti zisizo na idadi, wala sikujiuliza hata siku moja mikanda ile ina maana gani. Nilikuja kuielewa nilipohamia Minnesota, nikaingia katika mtindo wa kubadilishana bia, na boksi langu la kwanza likafika California likivuja.

Kwa asiyeujua mtindo huo, Marekani ina viwanda vya bia zaidi ya 9,000, vingi vyao vidogo, na bia zao nyingi haziuzwi nje ya jimbo au hata nje ya mji. Heady Topper hutengenezwa na The Alchemist huko Vermont, Pliny the Elder ni ya Russian River huko California, na Dark Lord ya Three Floyds huuzwa kwenye hafla yake ya kila mwaka mjini Munster, Indiana. Anayekaa Minneapolis, Minnesota, kama mimi hupata kwa urahisi Darkness, bia nyeusi nzito ya kiwanda cha Surly, naye aliye California huipata Pliny bila jasho, basi tunabadilishana. Fedha haiingii kati. Kinachoingia ni uaminifu, na uaminifu huo hupimwa siku boksi linapofunguliwa.

Kabla ya kugusa chupa yoyote, kuna jambo la sheria ambalo wengi huliruka. Posta ya Marekani hairuhusu kabisa kutuma vinywaji vyenye kilevi, na kampuni za UPS na FedEx hupokea pombe kwa wenye leseni waliofunga nao mkataba tu, si kwa mtu binafsi kama mimi. Nimekutana na wanaoandika juu ya boksi kwamba ndani kuna mchuzi wa pilipili. Hao wakivunjikiwa hawana pa kulalamika, na mimi simshauri mtu yeyote awaige. Maboksi yangu husafiri kwa njia mbili, yaani kwenye buti ya gari, au kwa ndege kama mzigo unaokabidhiwa kaunta, nikisafiri mwenyewe au akisafiri rafiki aliyetimiza miaka 21 na aliyekaa nami tukifungasha pamoja, kwa sababu uwanjani anaweza kuulizwa kama mzigo ameufunga yeye, na ni vizuri ajibu bila kumung'unya maneno. Kanuni za usalama wa anga haziweki kikomo kwa kinywaji kisichozidi asilimia 24 ya kilevi kinachowekwa kwenye mzigo huo. Kati ya 24 na 70 kikomo ni lita 5 kwa msafiri. Bia karibu zote ziko chini ya hapo, ingawa Utopias ya Samuel Adams, yenye asilimia 28 na kuendelea, huingia kwenye kundi la pili.

Sasa nirudi kwenye boksi lililovuja. Nilikuwa nimezungushia kila chupa kurasa mbili za gazeti, nikazisimamisha bega kwa bega ndani ya boksi, nikafurahi kwamba zimebanana na hazina nafasi ya kucheza. Mwenzangu alipofungua alinitumia picha: kona ya boksi ilikuwa nyeusi na inanata kama sukari guru, chupa tatu zimepasuka, na zote tatu zimepasukia begani. Nilipoitazama picha ile nikakumbuka mikanda myeupe ya chupa za Moshi. Mtengenezaji wa chupa hutokeza kidogo sehemu ya bega na ya chini ili lebo isisuguliwe, kwa hiyo chupa mbili zikikutana hugusana kwenye mistari hiyo miwili tu, na boksi likiangushwa pigo zima hupita kwenye mstari mwembamba usiozidi upana wa uzi. Gazeti hujikunja likawa kama halipo. Chupa zetu za nyumbani huvumilia kwa sababu zimetengenezwa nene ili zirudi, ilhali chupa nyingi za Marekani hutumika mara moja zikatupwa, na kioo chake ni chembamba zaidi. Tangu hapo nimekuwa nikifungasha kwa kumwogopa jirani wa chupa kuliko ninavyomwogopa mpakizi wa uwanja wa ndege.

Nikianza, huzungushia selotepu kwenye kizibo ili kisilegezwe na mgongano, halafu huitia chupa kwenye mfuko mnene wa zipu, huutoa hewa na kuufunga. Mfuko huo haumzuii jirani kufanya ubaya, bali chupa ikipasuka bia na vigae hubaki humo humo. Kisha huizungushia nailoni ya mapovu mara mbili kuanzia shingoni hadi chini, nikiongeza kipande cha ziada begani na kingine chini, palepale penye ile mikanda, na pedi iliyokunjwa chini ya kitako, kwa kuwa boksi huangukia upande wa chini mara nyingi kuliko upande mwingine. Selotepu naitumia kidogo tu. Kuna watu wanaoifunga chupa kama maiti ya Farao, na anayepokea hulazimika kuichana kwa kisu akiwa na hatari ya kujikata. Zikiwa tayari, huzichukua mbili, moja kila mkono, na kuzigonganisha kwa nguvu kiasi bega kwa bega. Nikisikia mlio mzito uliofifia, kama wa kugonga mto, naendelea. Nikisikia hata chembe ya mlio wa kioo, nafungua na kuanza upya.

Boksi liwe jipya na la kadibodi ya tabaka mbili. La zamani lililokwisha kulowa au kukunjwa kona limepoteza nguvu hata kama kwa macho linaonekana zima. Ndani yake hutandaza mfuko mkubwa wa taka, kwa sababu chupa moja ikipasuka boksi likilowa, kitako chake huachia na chupa kumi zilizokuwa salama huanguka sakafuni kwa kosa la mwenzao. Chini huweka sentimita 5 za karatasi nene zilizofinyangwa, halafu huigiza kreti ya mjomba: hukata vipande vya kadibodi, nikavichanja nusu na kuvipachika vikatane, ili kila chupa iwe na chumba chake. Hicho kipande cha kadibodi kati ya chupa na chupa ndicho kilichokosekana kwenye boksi langu la kwanza, na sijui kitu kingine cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa kama hicho. Chupa nzito hukaa katikati, nyepesi pembeni, zote zikiwa zimesimama, na kati yao na kuta za boksi hubaki tena sentimita 5 za kujazwa. Zile chembe nyepesi za plastiki zinazomiminwa kama bisi siziamini kwa vitu vizito. Katika mtikisiko wa safari chupa huzama taratibu kama jiwe kwenye mchanga, na boksi linapofika unakuta imegusa kadibodi ya chini. Mwisho natikisa boksi lote. Likitoa sauti yoyote ya kitu kinachohama, nafungua na kujaza.

Kwa ndege kuna mgeni mwingine wa kufikiriwa, naye ni mkaguzi wa usalama, ambaye anaweza kulikata boksi, kutoa vitu, kuacha karatasi ya taarifa kwamba amekagua, kisha akavirudisha kwa haraka yake. Ndiyo sababu ulinzi wa kila chupa lazima ukae kwenye chupa yenyewe, ili hata ikirudishwa vibaya iwe bado imevaa nguo zake. Mimi huacha ndani ya boksi, juu kabisa, selotepu nzima na kikaratasi chenye maneno ya heshima kinachomwomba arudishe kila chupa chumbani mwake. Mara moja nimekuta boksi limefungwa kwa selotepu yangu, vizuri kuliko nilivyolifunga mimi. Uzito nao uangaliwe: tiketi nyingi za kawaida huruhusu kilo 23 kwa mzigo, chupa ya mililita 355 ikijaa ni zaidi kidogo ya nusu kilo, na zile za mililita 750 za mtindo wa Ubelgiji hufikia kilo moja na nusu, kwa hiyo boksi hushiba mapema kuliko macho yanavyodhani.

Makopo nayafungasha mbali na chupa, kwani kopo likigongwa na kitako cha chupa hubonyea, na likibonyea kwenye ukingo wa kifuniko huanza kutoa jasho ambalo hulioni hadi bia imeisha gesi.

Wengi huuliza kama chupa hupasuka angani. Chumba cha mizigo cha ndege za abiria hujazwa hewa sawa na cha abiria, na bia ya kawaida kwenye joto la chumba tayari ina mgandamizo wa zaidi ya mara mbili ya hewa ya nje, kwa hiyo badiliko dogo la angani si mzigo kwake. Adui wa kweli ni baridi. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na Januari ya Minnesota hushuka hadi 20 chini ya sifuri bila kubisha hodi. Niliwahi kuacha chupa sita kwenye buti ya gari usiku mmoja, nikijiambia nitaondoka nazo alfajiri. Asubuhi vizibo viwili vilikuwa vimeinuliwa na nguzo fupi ya barafu yenye rangi ya chai, na chupa ya tatu ilikuwa imefanya ufa mmoja mrefu, mwembamba, kutoka bega hadi kitako, huku bia ikiwa imesimama ndani yake kama imechongwa. Siku hizi, kati ya Desemba na Februari, mzigo wangu huingia garini dakika ya mwisho, nao hukaa nami penye kipasha joto.

Nikienda nyumbani hufungasha vivyo hivyo, na forodha natangaza nilichonacho. Mwaka niliompelekea mjomba chupa ya Darkness alibandua tabaka moja, akabandua la pili, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni bia au mgonjwa?" Nilipotaka kurudi na chupa nne za nusu lita kutoka grosari yake, akanikumbusha kwamba bia amenipa zawadi ila chupa nitazilipia, kwa kuwa kiwandani wanazisubiri. Kuingia nazo Marekani, mtu mzima wa miaka 21 huruhusiwa lita 1 bila ushuru. Zinazozidi hutangazwa na kulipiwa, ingawa ushuru wa bia huwa mdogo.

Unayepokea, fungua boksi siku hiyo hiyo, hata kama umechoka, kwa kuwa chupa yenye ufa mwembamba inaweza kukaa kimya siku mbili kabla ya kuachia. Ziweke mbali na mwanga mkali, maana mwanga huibadilisha hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kuipa bia harufu mbaya hasa ikiwa chupa ni ya kijani au isiyo na rangi. Bia zenye hamira chini, kama za Ubelgiji, zisimamishe siku tatu au nne mahali pa baridi zitulie. IPA, yaani bia chungu zenye hopsi nyingi, zisisubiri sherehe; ziweke kwenye friji na uzinywe ndani ya wiki chache. Na kabla ya yote hayo, lipige picha boksi likiwa wazi na chupa zikiwa zimesimama, umtumie mwenzako, kwa sababu tangu alipolikabidhi kaunta hajapata usingizi mzuri.