Barua kwa mwanangu: hela za ile kazi ya mtandaoni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unasema yule aliyekuuzia "kazi ya kufanyia nyumbani" ameshtakiwa mahakama ya shirikisho hapo Houston, ofisi ya mwendesha mashtaka imekuandikia kwamba wewe ni mmoja wa waliotapeliwa, na unauliza kama utarudishiwa hela zako na kama uweke wakili.

Wakili usiweke. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inamtaka jaji, kwenye makosa ya utapeli wa namna hii, aamuru mkosaji awalipe aliowaumiza, awe nazo au hana. Kuomba ni bure, na haki hiyo haitegemei uraia, kwa hiyo ile hofu yako ya karatasi iweke kando.

Kwenye barua waliyokutumia tafuta namba mbili, ya utambulisho na ya siri. Ndizo za kufungulia mfumo wa taarifa za waathirika: humo utaona tarehe za kesi, na humo ndimo utakapobadilisha anwani kila ukihama. Nalisisitiza hili la anwani kwa sababu hela zinaweza kuanza kuingia miaka baada ya hukumu, na hundi haitakufuata kwenye nyumba mpya usipowaambia uliko. Hukumu ikishatoka, mjulishe na karani wa mahakama, maana yeye ndiye anayepokea hela na kuzigawa. Mkosaji hakulipi wewe mkononi.

Sasa fomu ya kutaja hasara. Hapo ndipo wengi wanapojiharibia. Andika kilichotoka mfukoni mwako tu. Kwa hesabu ulizonitajia: mafunzo dola 1,495, orodha ya wateja dola 299, ada ya tovuti dola 39.95 kwa miezi sita, yaani 239.70. Jumla 2,033.70. Lakini zile 299 benki ilikurudishia, kwa hiyo zitaje, kisha zitoe: unadai 1,734.70. Dola 5,000 kwa mwezi walizokuahidi usiziandike. Hukuwahi kuwa nazo, kwa hiyo hazihesabiwi kuwa hasara. Usiku uliokosa usingizi nao hauna safu kwenye fomu hiyo. Huo uusimulie kwenye maelezo ya jinsi ulivyoathirika, ambayo jaji huyasoma kabla ya kutoa adhabu. Ila ukiitwa mahakamani, mshahara uliokatwa siku hiyo, nauli na hela ya mtu wa kukulelea mtoto unaweza kuvidai, basi tunza risiti.

Ambatisha kurasa za taarifa ya benki na kila malipo uyazungushie kalamu, mkataba, na barua pepe zao. Peleka nakala, asili baki nazo. Fomu unaitia sahihi kwa kiapo, kwa hiyo usiongeze hata senti. Na usingoje hukumu: orodha ya hasara inatakiwa imfikie afisa anayemwandalia jaji ripoti siku 60 kabla ya siku ya adhabu. Hasara ambazo hazijajulikana kwa wakati zinaweza kuamuliwa hadi siku 90 baada ya adhabu, lakini kwa nini ujibane?

Je, zitarudi zote? Usizipangie matumizi. Tuseme waliotapeliwa wanadai dola milioni mbili na karani amekusanya 10,000. Kila mmoja anapata nusu senti kwa dola. Wewe hapo unaondoka na dola 8.67. Mkosaji akiwa gerezani, kiwango cha chini anachotarajiwa kulipa kwa kawaida ni dola 25 kila miezi mitatu, mgawane wote. Deni lenyewe halifi upesi: linadumu miaka 20 baada ya kutoka kifungoni, na kujitangaza amefilisika hakulifuti. Akiwa na nyumba au kiwanja, unaweza kumwomba karani hati ya muhtasari wa hukumu; ukiisajili kwa utaratibu wa jimbo, mali yake ya jimbo hilo inakuwa imefungwa kwa deni unalomdai.

Tumaini kubwa zaidi huwa kwenye mali iliyokamatwa: magari, akaunti, nyumba. Serikali ikiitaifisha inaweza kuwagawia waathirika, wakati mwingine kwa fomu nyingine ya maombi yenye tarehe yake ya mwisho. Njia hiyo huokoa hata pale jaji anapoona waathirika ni wengi mno kiasi cha kushindwa kuamuru fidia. Kwa hiyo barua yoyote kutoka Wizara ya Sheria ifungue siku hiyo hiyo, ila namba ya simu itafute kwenye tovuti yao, usipige ile iliyoandikwa kwenye barua.

Maana matapeli wengine watakupigia. Majina ya waliotapeliwa yanauzwa, na atatokea mtu mpole anayejua hadi kiasi ulichopoteza, akitaka dola 200 "za kuharakisha." Mahakama haitozi hela ya kukurudishia hela, FTC, tume ya serikali inayolinda wateja, haitozi, na kanuni za shirikisho zinamkataza anayeuza huduma hiyo kwa simu kuchukua malipo mpaka zipite siku saba za kazi tangu hela zako zikufikie. Kata simu.

Fomu ukimaliza kuijaza, ipige picha unitumie niipitie kabla hujaipeleka posta. Hasa ule mstari wa zile 299.

Mama yako