Ukungu kwenye bunduki iliyohifadhiwa: safisha mbao, lakini uondoe na mkoba

Ndugu yetu wa Pangani ameeleza kwamba alipofungua sanduku la bunduki yake ya marisau baada ya masika alikuta kitako cha mbao na ukanda wa ngozi vimeota ukungu mweupe wenye kijani, na kwamba tayari ameshauriwa apake siki, au atumie dawa ya klorini ya kufulia nguo, kisha aianike juani. Namwomba kwa heshima asifanye lolote kati ya hayo kabla ya kusoma yaliyonipata.

Ninaishi Tanga mjini, na bunduki yangu ni ya mitutu miwili, geji 12, niliyoirithi kwa marehemu baba baada ya kibali kuandikwa upya kwa jina langu. Baba aliitumia kulinda shamba la mihogo dhidi ya nguruwe pori huko Muheza. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Machi, niliipaka kitako mafuta ya nazi kama nilivyokuwa nikimwona yeye akifanya, nikaiingiza katika mkoba wake wa ngozi wenye sponji ndani, nikaifungia kwenye kabati la chuma. Nilipoitoa mwishoni mwa Juni, kitako kilikuwa kimefunikwa na ukungu kuanzia shingoni hadi mwisho. Chuma kwa nje kilionekana salama, nami nikafarijika. Nilipovua mbao ya mbele, ile inayoshikwa chini ya mitutu, ndipo nilipoona kutu nyekundu imejipanga kwenye mstari uleule ambapo mbao hugusana na mitutu.

Ukungu, yaani kuvu, hauli chuma. Unakula vitu vyenye asili ya uhai: mbao, ngozi, vumbi, jasho la mikono, na mafuta ya mimea. Mafuta ya nazi niliyopaka kwa nia njema yalikuwa chakula chake. Mahitaji yake mengine ni unyevu, na unyevu hewani ukikaa juu ya asilimia 70 kwa muda mrefu, jambo ambalo kwetu pwani ni la kawaida, hauhitaji kualikwa. Hata hivyo chuma hakiponi, kwa sababu utando wa ukungu hushikilia maji juu ya chuma na hutoa asidi hafifu, na hapo ndipo kutu inapochimba vishimo. Kwa hiyo anayeona ukungu kwenye kitako ajue kwamba tayari ana swali la kutu mahali asipopaona.

Kuhusu usafishaji, jambo la kwanza kabisa ni kuifungua bunduki, kutazama mitutu yote miwili kwa macho na kuhakikisha haina risasi, na kuziweka risasi zote chumba kingine kabla ya kugusa kitambaa. Kisha ifanyie kazi nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa na glavu, kwa maana ukungu mkavu ukisuguliwa hurusha vumbi la mbegu zake ambalo halifai kuvutwa, hasa kwa mwenye pumu. Mimi hulowesha kitambaa kidogo kwa tapentaini nyeupe na kufuta mbao kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake, nikibadilisha kitambaa kila kinapochafuka, na kwenye michongo ya mshiko natumia mswaki laini. Spiriti ya hospitali nayo inafaa, lakini ijaribu kwanza sehemu iliyojificha, kwa sababu huyeyusha baadhi ya vanishi za zamani. Baada ya hapo mbao ikae kivulini penye upepo siku mbili au tatu. Jua kali hukausha upande mmoja haraka kuliko mwingine, na kitako hupasuka shingoni, mahali ambapo ufa ni hatari unapofyatua.

Siki niliijaribu mimi mwenyewe. Iliua ukungu kweli, lakini ilipogusa chuma iliondoa ile rangi nyeusi ya buluu ya kiwandani katika eneo la ukubwa wa dole gumba, nami sina namna ya kuirudisha bila kumpelekea fundi wa bunduki mwenye leseni. Klorini ni mbaya zaidi, kwa kuwa huanza kula chuma ndani ya muda mfupi na mabaki yake hujificha kwenye maungio ya mbao na chuma.

Kutu nyepesi niliiondoa kwa nyuzi laini kabisa za chuma zilizolowa mafuta, bila haraka na bila nguvu. Vishimo nilivyovikuta nimeviacha kama vilivyo. Usiguse kwa msasa mahali palipochongwa namba ya bunduki, kwani namba iliyofifia itakuletea maswali makubwa siku ya ukaguzi, hata kama nia yako ilikuwa usafi tu. Kwa kumalizia nilipaka chuma mafuta ya cherehani, ambayo ni mafuta ya madini na si chakula cha ukungu. Yapakwe kiasi cha kuacha utando mwembamba tu, na yarudiwe kila mwezi, kwa sababu hayadumu.

Sasa nije kwenye mkoba, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Ngozi na sponji hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuukumbatisha kwenye bunduki usiku na mchana. Ukisafisha bunduki ukairudisha katika mkoba uleule, baada ya wiki chache utasafisha tena. Mkoba ni wa kusafiria; ukifika nyumbani, bunduki isimame wazi ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli. Kabati langu nililisogeza kutoka ukuta wa nje, nikaliinua kwa mbao juu ya sakafu ya saruji, ambayo nayo hupandisha unyevu kutoka ardhini.

Ndani nimeweka kipimo cha unyevu na chembe za silika, ambazo hunyonya unyevu. Kipimo nilikihakiki kwa chumvi: unaloanisha chumvi ya mezani kwa matone ya maji hadi iwe kama uji mzito, unaifungia na kipimo katika mfuko wa plastiki bila vigusane, na baada ya saa 8 au zaidi kinapaswa kusoma asilimia 75. Changu kilisoma 69, kwa hiyo naongeza 6 kila ninapokitazama. Ninalenga kati ya 45 na 55. Chini ya 30 mbao huanza kusinyaa. Silika za buluu zikigeuka waridi nazimimina kwenye sinia la bati na kuzikausha kwenye oveni kwa nyuzi joto 120 kwa saa 2 hivi. Sinia hilo lisirudi kwenye chakula, kwa sababu rangi hiyo hutokana na kobalti, ambayo ni sumu. Kuna makopo ya kunyonya unyevu ambayo hukusanya maji chini yake. Hayo usiyaweke kabatini, kwani maji yale ni ya chumvi kali, na yakimwagika utatamani ukungu urudi.

Risasi zako nazo zikague. Zile ambazo vitako vyake vimeota kijani au maganda yake yamevimba usizifyatue wala usizitupe. Zirudishe kwa muuzaji mwenye leseni au kituo cha polisi.

Ukanda wa ngozi ukifutwa kwa spiriti na kukaushwa kivulini unaweza kupona, ila usiufunge tena kwenye bunduki unapoihifadhi. Wa baba nimeutundika ukutani sebuleni, mahali penye upepo. Kitakoni bado kuna madoa meusi mawili yaliyozama ndani ya mbao. Kila mwezi nayatazama kwa tochi, na tangu mwaka ule hayajaongezeka, kwa hiyo sijayagusa.