Jarida la mshipi Mtwara: usilipie hizo nakala 2,000

Mkuu, simamisha hiyo oda leo. Umeuliza jina, jalada, wadhamini, na kama jarida la karatasi la wavuvi wa mshipi wa Mtwara na Lindi lina maisha wakati kila mtu ana simu. Mimi nimekwama hapo uliposema dalali wa uchapaji amekupa nakala 2,000 kwa shilingi 2,200 kila moja, eti 500 zingekuwa 4,000 moja. Hiyo ni 4,400,000 na hujapata hata msomaji mmoja aliyelipa.

Madalali hawa wanakera kwa sababu wanatoa nusu ya hesabu. Ofseti, yaani uchapaji wa pleti anaokuuzia dalali, inataka pleti 4 za rangi kila upande wa karatasi, na kutega mashine ni gharama ileile uchape 100 au 10,000. Ndiyo maana bei ya nakala inashuka. Ila hiyo ni bei ya nakala iliyochapwa. Ukiuza 400, kila moja imekugharimu 11,000, na dalali keshakula chake.

Zilizobaki unazilaza wapi? A4 ya kurasa 36, ndani gramu 90 na jalada gramu 200, inafika gramu 115 hivi. Mara 2,000 ni kilo 230 za kulipia mzigo kutoka Dar. Unyevu wa pwani unagandisha karatasi za kung'aa, pini za mgongoni zinaota kutu na kuacha doa la kahawia katikati ya ukurasa. Na jedwali la bamvua, yaani siku za maji makubwa, la Januari nani atalinunua Machi? Madukani utapewa mali kauli: unaacha 50, miezi miwili baadaye unarudishiwa zilizopauka juani.

Karatasi inaishi pale msomaji anapolipa kwanza. QST, jarida la redio za ridhaa la Marekani, lilianza 1915 na bado linachapwa, maana linabebwa na ada za wanachama. Tangu 2024 anayetaka nakala ya karatasi anaongeza pesa. Popular Photography, jarida la upigaji picha la 1937, pamoja na jina lake kubwa, lilikoma kuchapwa 2017.

Kwa hiyo pesa ya msomaji itangulie wino. Chapa kurasa 8 za mfano kwa dijito, zunguka nazo Shangani, Mikindani, Msimbati hadi Lindi mjini, uza usajili wa matoleo 4. Anza Oktoba, pesa ya korosho ikianza kutembea. Toa risiti, andika namba ya simu, pesa ikae akaunti yake peke yake. Wakilipa 120, chapa 130 kwa dijito; hakuna pleti, bei ya nakala haibadiliki sana. Wasipofika 60 hadi Desemba, rudisha pesa za watu. Kurasa zigawike kwa 4, vinginevyo pini haifungi bila kurasa tupu. Habari za mashindano waachie WhatsApp. Karatasini weka chati ya bamvua na maji mafu (maji madogo) ya kubandika ukutani, na michoro ya mafundo ya kufungia ndoano hatua kwa hatua.

Kama umeshatoa malipo ya awali, mwambie dalali ayahamishie kwenye hizo kurasa 8 kabla pleti hazijatengenezwa. Zikishatengenezwa, hayarudi.