Kurudia intavyuu ya programu baada ya kukataliwa

Pole sana ndugu, kukatwa raundi ya mwisho ya intavyuu ya kazi ya programu baada ya kujiandaa muda wote huo kunauma kweli. Umeuliza uanzie wapi, mi nasema leo hii kabla hujasahau andika maswali yote uliyoulizwa na pale ulipokwama, maana kutojua njia kabisa ni tofauti na kuijua ila muda ukakuishia, na dawa yake si moja. Kama ni maswali ya grafu (data ya vitu vilivyounganishwa, kama miji na barabara zake) yalikushinda, rudi kwa BFS na DFS, zile njia mbili za kuipitia grafu, moja ngazi kwa ngazi na nyingine kwa kuzama tawi moja mpaka mwisho, uziandike bila kuangalia popote mpaka zitoke zenyewe.

Alafu fanya mazoezi ukiongea kwa sauti!! Hapa ndo wengi tunaanguka, unakaa kimya unawaza na anayekuhoji hajui umeelewa swali au umepotea. Mimi mara ya pili nilianza kwa kuuliza data ni kubwa kiasi gani na imepangwa au la, nikataja njia rahisi ya O(n²) kwanza (yaani ya polepole, data ikiwa mara mbili kazi inakuwa kama mara nne) ndo nikaiboresha, ikanisaidia sana. Waulize pia hao waliokukataa unaruhusiwa kuomba kazi tena lini, kampuni nyingi zinataka usubiri miezi kadhaa.