Viza ya Uingereza haikufikishi Dublin

Dada, umeuliza kama viza moja yatosha kuifuata raga ya wanawake ya Mataifa Sita (England, Scotland, Wales, Ireland, Ufaransa na Italia) kutoka mechi ya kwanza mpaka ya mwisho. Hapana, haitoshi. Ya Uingereza inakupitisha England, Scotland, Wales na hata Belfast, Ireland ya Kaskazini. Dublin iko Jamhuri ya Ireland, nchi nyingine, ina viza yake. Ufaransa na Italia ni Schengen, viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hiyo ya tatu. Mdogo wangu kazuiliwa kaunta ya ndege ya Dublin, tiketi ya mechi mkononi, skafu ya timu shingoni! Ila angalia kwanza Ireland wanachezea wapi nyumbani, maana pengine huwa Belfast, na hapo ya Uingereza inatosha. Alama za vidole za viza ya Uingereza sisi wa Zanzibar tunakwenda kutoa Dar, basi hesabu na nauli ya boti.